TUANZE NA VITUO 12: ZIARA YA SAUTI YA IFAKARA NA BONDE LA KILOMBERO

(Mazungumzo ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati, Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee)

  

Mweka hazina akisimama, watu hujiandaa kusikia habari za ada zilizochelewa. Taarifa hiyo mtaikuta humu humu kwenye kijitabu. Leo Kamati imetuomba tuzungumze jambo moja jipya: namna ya kuanza kutumia programu ya simu ya ziara ya sauti, na namna sisi wenyewe tunavyoweza kutengeneza ziara ya kwanza ya kwetu.

Ni kitu gani hiki?

Ziara ya sauti ni safari unayojiongoza mwenyewe. Unapakua programu kwenye simu janja. Ndani yake kuna ramani yenye vituo. Unavaa hedifoni, unaanza kutembea. Simu inajua ulipo kwa GPS, na ukikaribia kituo, sauti inaanza yenyewe kukueleza kile unachokiona mbele yako. Huna kundi la kukimbizana nalo wala kiongozi anayetazama saa. Ukitaka kusimama unywe chai, unaisimamisha. Ukimaliza, unaendelea ulipoishia.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1952 jumba la makumbusho la Stedelijk mjini Amsterdam liliwapa wageni vifaa vya kusikilizia vilivyopokea maelezo kwa mawimbi ya redio. Baadaye zikaja kaseti, na sasa ni simu. Na sisi Watanzania ni watu wa kusikiliza tangu zamani. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi waliokadiriwa kufika milioni mbili walikaa kwenye vikundi kijiji kwa kijiji, wakisikiliza redio, wakijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Baadhi ya wazee waliopo hapa walikuwamo. Kwa hiyo mtu asitutishe kwamba kusikiliza na kujifunza kwa sauti ni mambo ya wageni.

Namna ya kuanza kama msikilizaji

Tunashauri kila mmoja wetu ajaribu kwanza ziara ya mahali pengine kabla hatujajenga ya kwetu. Hatua ni hizi.

Kwanza, ukiwa nyumbani au ofisini penye intaneti nzuri, ingia Play Store, au duka la programu la simu yako, utafute programu inayoitwa izi.TRAVEL. Ni ya bure, na ina ziara za miji na makumbusho ya nchi nyingi. Ipo nyingine iitwayo VoiceMap, iliyoanzia Cape Town. Huko ziara nyingi zinauzwa, na mwandishi wa ziara hupata sehemu ya mauzo.

Pili, chagua ziara, kisha uipakue yote kwenye simu kabla ya kutoka. Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote kwa mazingira yetu. Ukishaipakua, unasikiliza bila bando na bila mtandao. GPS nayo haihitaji bando. Simu hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti.

Tatu, ruhusu programu ijue mahali ulipo, chaji simu mpaka ijae, na punguza mwanga wa kioo, maana GPS hula chaji.

Nne, vaa hedifoni sikio moja tu. Sikio la pili liache kwa ajili ya bodaboda. Usisikilize huku unavuka barabara, na ukiwa karibu na mto usitembee macho yakiwa kwenye simu. Sote tunajua mamba na viboko wa Kilombero hawajui kwamba uko ziarani.

Tano, nenda kwenye kituo cha kwanza, bonyeza kuanza, halafu iweke simu mfukoni. Macho yawe kwenye mji.

Kwa nini sisi, na kwa nini sasa?

Bonde letu limeandikwa sana, ila mara nyingi limeandikwa na wengine, kwa Kiingereza, na kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Mwaka 1935 Waingereza wawili, A. T. na G. M. Culwick, walichapisha kitabu kuhusu Wabena wa mabondeni kiitwacho Ubena of the Rivers. Ndani yake kuna sura moja iliyotoka kwa Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Sura moja, katika kitabu kizima kinachomhusu yeye na watu wake.

Chukueni mfano mwingine mnaoukumbuka vizuri zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliuzwa vyandarua vya Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet: matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Habari hiyo ilisaidia nchi nyingine kuamua kuhusu vyandarua. Lakini mama aliyeuza kuku anunue neti ya kwanza, na jirani aliyesema dawa ile itawadhuru watoto, sauti zao ziko wapi? Hazipo kwenye jarida. Zipo Lupiro, Idete na Namawala, vichwani mwa watu ambao sasa ni bibi.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Programu ni rahisi na mingi ya mitambo yake ni ya bure. Kitu adimu ni sauti, na kinapungua kila mwaka. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikazinduliwa rasmi mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 akisukuma toroli la kokoto kati ya Ifakara na Mlimba siku kazi ilipoanza, leo amevuka miaka 70. Tukisubiri miaka kumi mingine, tutabaki na picha za mahandaki bila mtu wa kusimulia jinsi milima ya Udzungwa ilivyotobolewa.

Wapo pia watoto wetu wa mjini. Wanapanda basi kwenda kwa babu sikukuu, lami sasa imefika Ifakara, wanalala kuanzia Mikumi na kuamka stendi. Hawajui kwamba upande wa kulia walipita chini ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye kilomita za mraba 1,990 na maporomoko ya Sanje ya mita 170 hivi. Wageni hutoka Ulaya kuja kuyaona. Wengi hufika Mang'ula, wakapanda mlima, wakageuza gari. Ifakara hawaifiki, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna nini.

Vituo tunavyopendekeza

Njia ya kwanza iwe ya Ifakara mjini hadi mtoni, vituo 12, inayoweza kupitika kiangazi na masika. Sehemu ya mjini ni ya miguu. Stesheni na mtoni mtu atakwenda kwa baiskeli au bajaji. Orodha kamili itapangwa na kamati ndogo pamoja na wazee, ila mifano ni hii.

Stesheni ya TAZARA, nje kidogo ya mji. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyokua na kazi ya wamisionari Wakapuchini na masista kutoka Uswisi. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya mwanasayansi wa Uswisi Rudolf Geigy, na leo jina la mji wetu linasomwa kwenye vitabu vya malaria duniani kote. Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Ifakara, jimbo lililoundwa mwaka 2012. Soko, ambako mnunuzi anauliza mchele wa wapi kabla ya kuuliza bei. Kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wengi wetu bado tunakiita KATRIN. Mto Lumemo, na jinsi unavyofurika. Na mwisho Daraja la Magufuli.

Kituo kimoja kizungumzie jina lenyewe la Ifakara. Wapo wanaosema linatokana na neno la kufa, mahali mtu alipokwenda kufia. Wapo wazee wanaolikataa simulizi hilo kabisa. Sisi hatutaamua. Tuwarekodi wote wawili, kila mmoja kwa jina lake na kwa sauti yake, msikilizaji apime. Vivyo hivyo kwa mambo yanayouma zaidi, kama wakulima na wafugaji na operesheni ya kuondoa mifugo bondeni ya mwaka 2012. Ziara yenye sauti ya upande mmoja italeta ugomvi mahali ilipotakiwa kuleta watu.

Kituo kinatengenezwaje?

Kanuni ni tatu. Dakika tatu zisizidi, yaani takribani maneno 300. Msikilizaji aambiwe kwanza asimame wapi na atazame wapi. Na kila kituo kiwe na angalau sauti moja ya mtu aliyeishi jambo lenyewe, hata kama ataongea Kindamba, Kipogoro au Kimbunga kwa sekunde ishirini na kisha ifuatwe na Kiswahili.

Ili tusizungumze hewani, sikilizeni mfano wa kituo cha darajani tuliouandaa:

"Simama upande wa Ifakara, kando kabisa ya njia ya magari, utazame maji. Ng'ambo ni Ulanga, njia ya kwenda Lupiro na Mahenge. Daraja hili lina urefu wa mita 384 na lilizinduliwa mwaka 2018. Kabla yake, hapa palikuwa na mitumbwi na pantoni. Mgonjwa alisubiri pantoni, mchele ulisubiri pantoni, hata msiba ulisubiri pantoni. Januari 2016 kivuko kilizama hapa. Sasa utazame kule maji yanakoelekea. Mto huu unakwenda kukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka bonde hili. Ndiyo yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Taa ya Dar es Salaam, sehemu yake imepita mbele ya macho yako. Ukisikia kelele za ndege kwenye matete, huenda ni mnana wa Kilombero, ndege asiyepatikana nje ya bonde hili, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1990. Na sasa msikilize mzee aliyekuwa akivusha watu hapa kwa mtumbwi."

Kisha mzee anaongea. Bila mzee huyo, kituo hiki ni habari tu ambazo mtu angeweza kuzisoma popote. Yeye ndiye anayekifanya kiwe cha kwetu.

Njia ya pili, Mungu akijalia, itafuata bonde zima kwa msafiri wa basi au treni: Kidatu na viwanda vya sukari, Mang'ula, Ifakara, Mngeta, Mlimba, hadi Kihansi, nyumbani kwa yule chura mdogo aliyetangazwa kutoweka porini mwaka 2009 na vizazi vyake vikarudishwa mwaka 2012 kutoka vituo vya wanyama vya Marekani. Humo humo tutamsimulia sheshe, na eneo oevu letu lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002. Lakini hiyo ni baadaye. Tusianze na bonde zima tukaishia na stesheni moja.

Hesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makisio ya njia ya kwanza ni haya, kwa shilingi:

Kinasa sauti na maikrofoni: 350,000
Posho ya wasimuliaji 12, kila mmoja 30,000: 360,000
Nauli na bodaboda za warekodi: 240,000
Uhariri wa sauti, vituo 12 kwa 25,000: 300,000
Diski mbili za kuhifadhia, kila moja 180,000: 360,000
Vibao 12 vya vituo, kila kimoja 45,000: 540,000
Jumla ndogo: 2,150,000
Dharura asilimia 10: 215,000
Jumla kuu: 2,365,000

Ukigawa kwa vituo 12, kila kituo ni karibu shilingi 197,000. Tunaomba basi familia, ukoo, parokia, msikiti au kundi la marafiki wa shule wachukue kituo kimoja kwa shilingi 200,000. Vituo vyote vikichukuliwa tutapata 2,400,000, na ile 35,000 ya ziada itaingia kwenye dharura. Anayetoa 10,000 naye ameweka dakika zake humo. Kutoa ni moyo.

Mtauliza kuhusu ukubwa wa faili. Sauti ya mtu akiongea huchukua takribani nusu megabaiti kwa dakika. Kituo cha dakika tatu ni megabaiti moja na nusu, vituo 12 ni megabaiti 18. Hata tukiongeza picha, ziara nzima haitafika megabaiti 30. Hiyo inaingia kwenye simu ya kawaida kabisa.

Mtaona kwamba kwenye makisio hatukuweka mapato hata shilingi moja. Hatuwaahidi watalii. Mgeni akija akanunua chakula kwa mama lishe, akalala gesti ya Kibaoni, tutashukuru, ila hatutaiandika kwenye vitabu kabla haijatokea.

Swali gumu

Wajumbe kadhaa wametuuliza, na wana haki: tunawezaje kuchangia masimulizi wakati paa la zahanati halijaisha? Jibu la Kamati ni hili. Fedha ya zahanati ina safu yake na haitaguswa. Harambee ya leo ina bahasha mbili, na kila mtoaji anaandika mwenyewe fedha yake iende wapi. Bahasha ya sauti isipojaa, tutapunguza vituo. Hatutakopa upande wa paa. Lakini tukumbuke tofauti moja: paa lisipoezekwa mwaka huu, mabati yatapatikana mwaka ujao. Mzee akiondoka mwaka huu, hakuna duka la kumnunua.

Masharti manne

Tumeweka masharti, na tunaomba mkutano uyapitishe.

La kwanza, ridhaa. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, suala hili si adabu peke yake. Kila msimuliaji atasomewa na kusaini fomu ya Kiswahili, au kuweka dole gumba, na atakuwa na haki ya kusikiliza sauti yake kabla haijatoka.

La pili, ruhusa. Stesheni, hospitali, taasisi na daraja si viwanja vyetu. Tutaandika barua kwa wahusika na kwa Halmashauri ya Mji kabla ya kuweka kibao au kupiga picha.

La tatu, umiliki. Programu za simu huja na kuondoka. Kampuni ikifunga, ziara hupotea. Kwa hiyo sauti za asili, zile ndefu zisizokatwa, zitabaki mikononi mwa chama kwenye diski mbili, moja Ifakara na moja Dar es Salaam, na zitaandikwa kwenye rejista ya mali pamoja na viti na jenereta. Mkaguzi akija, atazihesabu.

La nne, taarifa. Kila baada ya miezi mitatu mtapata karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, vituo vilivyokamilika, na majina ya waliorekodiwa kwa ridhaa yao.

Kazi ya wiki hii

Kabla hujalala leo, pakua programu moja ujaribu. Wiki hii mpigie simu mzee mmoja wa kwenu, umuulize swali moja: hapa palikuwaje kabla ya daraja, kabla ya reli, kabla ya umeme? Mwombe ruhusa, umrekodi kwa simu yako dakika tatu tu, halafu uandike jina lake, kijiji na tarehe. Zilete kwa katibu. Vijana watakaobaki baada ya chakula watafundishwa kukata na kusafisha sauti kwa kompyuta. Tunahitaji sita, wasichana na wavulana, wanaoweza kukaa Ifakara wiki mbili za likizo.

Bahasha ziko mezani kwa mhasibu msaidizi, mlangoni kulia. Ya zahanati ni ya bluu, ya sauti ni ya kijani, na stakabadhi zinatolewa papo hapo. Anayetaka kuchukua kituo kizima aandike jina la kituo juu ya bahasha. Wa kwanza kuandika ndiye mwenye kituo.